Kiunganishi kikishasema, kitenzi hunyamaza: viunganishi vya Kiingereza kwa mzungumzaji wa Kiswahili

Chukua sentensi ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huitamka bila kusita: "Nikifika Dodoma nitakupigia simu." Ukitaka kuiandika kwa Kiingereza, lugha hiyo inakudai uamuzi kabla hujagusa kitenzi chochote: je, kufika kwako ni jambo la uhakika, au bado lina shaka? Penye uhakika utaanza na "when", penye shaka utaanza na "if". "When I reach Dodoma, I will call you" ni maneno ya mtu aliyekwisha kukata tiketi, ilhali "If I reach Dodoma, I will call you" yanaweza kumfanya msikilizaji aulize kuna nini barabarani. Silabi moja ya "-ki-" iliyokaa ndani ya kitenzi chetu imezibeba maana zote mbili, na mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoonyesha ipi inakusudiwa.

Shuleni viunganishi vya Kiingereza hufundishwa mara nyingi kama orodha ya maneno yenye tafsiri zake: "and" ni na, "but" ni lakini, "because" ni kwa sababu, "if" ni kama. Orodha hiyo si ya uongo, ila inaficha jambo kubwa zaidi ya yote, nalo ni kwamba lugha hizi mbili hazigawi kazi ya kuunganisha kwa namna moja. Kiswahili kinavyo viunganishi, na vingi kati ya vile tunavyovitumia kila siku vilitoka ng'ambo: maneno lakini, au, ama, bali, ila, wala, sababu, baada na kabla yote yana asili ya Kiarabu. Hata hivyo, chini ya tabaka hilo umebaki mfumo wa Kibantu unaofanya kazi hiyohiyo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa "-ki-" ya masharti, "-po-" ya wakati, "-ka-" ya mfuatano, "-nge-" na "-ngali-" za mambo yasiyokuwa, "-sipo-" ya sharti lenye ukanushi, na "-japo-" ya kukubali jambo huku ukilipinga, kama katika "ujapokwenda hutamkuta". Kiingereza hakina hata kimoja cha viambishi hivyo. Kitenzi chake hubeba wakati, na pengine herufi moja ya nafsi, basi. Uhusiano wa kishazi na kishazi hubebwa na neno linalosimama peke yake.

Matokeo ya mgawanyo huo ndiyo chanzo cha makosa mengi ambayo walimu wa Kiingereza wa Afrika Mashariki huyasahihisha mwaka hadi mwaka. Katika Kiswahili uhusiano ukishatajwa, vitenzi vya pande zote mbili huendelea kuushuhudia. Katika Kiingereza kiunganishi kikishasema, kitenzi kinatakiwa kisirudie. Anayelishika hilo atakuta kwamba kanuni nyingi alizozikariri moja moja ni kanuni ileile iliyovaa nguo tofauti.

Tuanze na "and", neno linalodharauliwa kwa sababu linaonekana jepesi. "Na" yetu ina upana ambao "and" haina, kwa maana inaunganisha watu wawili katika "Juma na Asha walikwenda", inamaanisha pamoja na katika "Juma alikwenda na Asha", na inamtaja mtenda katika "alipigwa na jirani". Kiingereza kinataka maneno matatu tofauti hapo, "and", "with" na "by", na wanafunzi wengi huzoea hilo mapema. Tatizo la kudumu liko kwenye vitendo vinavyofuatana. Msimulizi wa Kiswahili husema "Aliamka, akanawa, akala, akaondoka", na "-ka-" ndiyo inayovifunga vitendo hivyo kama shanga katika uzi. Anayetafsiri silabi kwa neno huandika "He woke up and he washed and he ate and he left", sentensi isiyo na kosa la sarufi lakini inayosikika kama ya mtoto mdogo. Kiingereza kinamtaja mtenda mara moja, kinaweka mkato kati ya vitendo, na "and" kinakihifadhia kitendo cha mwisho: "He woke up, washed, ate and left."

Papo hapo kuna mtego mwingine, na huu unakwenda kinyume na kanuni niliyoitaja. "-ka-" haina wakati wake yenyewe. Inaazima wakati wa kitenzi kilichotangulia. "Ku-" katika "alikwenda sokoni na kununua samaki" nayo haina wakati. Ndiyo sababu insha nyingi huwa na sentensi kama "He went to the market and buy fish". Mwandishi wake anajua vizuri sana kwamba "bought" ni wakati uliopita wa "buy", lakini lugha yake ya kwanza imemfundisha kwamba kitenzi cha pili hakihitaji kutajiwa wakati tena. Hapa Kiingereza hakiazimi. Kila kitenzi kilichoungwa na "and" hujibebea wakati wake: "He went to the market and bought fish."

Naongeza jambo moja ambalo vitabu vya shule havilisemi sana. "And" inaweza kufanya kazi ya "-ki-". Mtu akisema "Say that again and I will leave", hakuamuru neno hilo lirudiwe. Amesema "ukirudia, nitaondoka". Ni lugha ya onyo, na anayeisoma kama amri anapotea.

Maneno "and", "but" na "or", pamoja na ndugu zao "nor", "yet", "so" na "for", huunda kundi la viunganishi vinavyounganisha vitu vya hadhi moja: jina kwa jina, kitenzi kwa kitenzi, kishazi huru kwa kishazi huru. Usawa huo si pambo la mtindo. Mwaka 2017 ulitolewa uamuzi wa mahakama uliouegemea kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa sarufi angeifurahia. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi ambazo wafanyakazi wake hawastahili malipo ya saa za ziada, na orodha yake ilisomeka hivi: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution" ya vyakula vya aina fulani. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walikuwa wakisambaza bidhaa, lakini hawakuwa wakizifungasha. Je, "distribution" ilikuwa kazi ya mwisho katika orodha, inayosimama peke yake, au ilikuwa sehemu ya kazi moja ya kufungasha, yaani kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza?

Kampuni ilijitetea kwa kiunganishi kisichokuwepo. Ilisema kwamba kama "packing" ingekuwa kazi ya mwisho, ingetanguliwa na "or", kwa kuwa orodha ya Kiingereza haikubali kuisha bila kiunganishi. Hoja hiyo ilikuwa nzito. Madereva walijibu kwa hoja ya usawa: kazi zote za orodha huishia na "-ing", ila "shipment" na "distribution" hazina umbo hilo, kwa hiyo hizo mbili zinafanana zenyewe kwa zenyewe na "or" imeunganisha hizo tu. Mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Boston ilisema maneno hayo yana utata, na kwa kuwa sheria za aina hiyo za Maine husomwa kwa kumfaa mfanyakazi pale zinapotatiza, madereva walishinda rufaa. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 ili shauri liishe. Bunge la jimbo nalo liliiandika sheria upya, likitenganisha kazi kwa nukta mkato na kuigeuza "distribution" kuwa "distributing" ili ifanane na wenzake.

Mkato ambao kukosekana kwake kulizua mzozo ule, yaani ule unaowekwa kabla ya "and" au "or" ya mwisho katika orodha, ni jambo la hiari katika Kiingereza kwa jumla. Wachapishaji wengi wa vitabu Marekani huudai, magazeti mengi ya Uingereza huuacha, ingawa Oxford University Press, iliyoko Uingereza hukohuko, imeushikilia hata ukapewa jina la Oxford. Ushauri wangu ni kuuweka, kwa sababu anayeuweka hapotezi kitu. Mkato usio wa hiari ni ule wa kati ya vishazi huru viwili vyenye urefu wa kutosha: "The rain started at noon, and the buses stopped running." Ukiondoa "and" hapo ukaacha mkato peke yake, umefanya kosa ambalo walimu wa Kiingereza hawalisamehi. Kwetu "Nilifika, sikumkuta, nikarudi" ni Kiswahili safi kabisa. Katika Kiingereza cha maandishi mkato hauna nguvu ya kuunganisha sentensi mbili kamili. Hiyo ni kazi ya kiunganishi au nukta mkato.

Ukanushi ndio unaoionyesha kanuni yetu waziwazi zaidi. Kiswahili kinasema "hakula wala hakunywa", na vitenzi vyote viwili vimekanushwa ingawa "wala" imekwisha kukanusha. Kiingereza kinakanusha mara moja tu. Unaweza kusema "He did not eat or drink", ambapo "not" inavifikia vitenzi vyote viwili kupitia "or". Unaweza kusema "He neither ate nor drank", na vitenzi vikabaki katika umbo la kukubali kwa sababu "neither" na "nor" zimemaliza kazi. Ukipenda kukiacha kishazi cha kwanza kikamilike kwanza, "nor" inayokuja baadaye hulazimisha kitenzi kisaidizi kimtangulie mtenda: "He did not eat, nor did he drink." Usichoweza kusema kwa usalama ni "He did not eat and drink", kwa sababu msomaji atabaki akijiuliza kama mtu huyo aliyakosa yote mawili au alifanya moja bila jingine.

Shaka hiyo imefika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Sheria ya mwaka 2018 iitwayo First Step Act inamruhusu hakimu kumpa mtu aliyepatikana na hatia ya dawa za kulevya kifungo kilicho chini ya kima cha lazima, mradi mtu huyo "does not have" mambo matatu ya rekodi yake ya zamani, A, B "and" C. Je, anayekosa nafuu ni yule mwenye yote matatu kwa pamoja, au hata mwenye moja? Tarehe 15 Machi 2024 mahakama iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba hata moja linatosha kumnyima mtu nafuu. Jaji Elena Kagan aliandika uamuzi wa walio wengi, na Jaji Neil Gorsuch akaandika wa wanaopinga, akishikilia kwamba "and" ina maana yake ya kawaida, yaani yote kwa pamoja. Mwandishi wa sheria angeandika kwa Kiswahili, angekuwa na "wala" mkononi: "hana A, wala B, wala C" haiachi mlango wa kubishana. Hilo halina maana kwamba Kiswahili kimekingwa na utata, kwa sababu "asiwe na A, B na C" ingezua kesi ileile.

Kuhusu "but" mambo ni mepesi kidogo, ilimradi ukumbuke kwamba inafanya kazi za maneno yetu matatu. Ni "lakini" katika "He is old but strong". Ni "bali" pale linapokanushwa jambo moja ili liwekwe jingine: "not tea but coffee", si chai bali kahawa. Ni "ila" katika "Everyone came but Juma". Maana hii ya tatu ndiyo ya kale zaidi, kwa kuwa katika Kiingereza cha zamani neno hilo lilikuwa "butan", likimaanisha nje au nje ya. Kuhusu "not only" na "but also", yaani si hili tu bali na lile, la kuangaliwa ni mahali pa kuziweka, kwa sababu kinachofuata ya kwanza kinapaswa kulingana na kinachofuata ya pili. "She speaks not only Swahili but also Arabic" imekaa sawa. "She not only speaks Swahili but also Arabic" imepinda, kwa maana upande mmoja una kitenzi na mwingine hauna.

Wengi wetu tulikatazwa kuanza sentensi na "And" au "But". Nadhani katazo hilo lilikusudiwa kuwazuia watoto wasianze kila sentensi hivyo, likageuka kuwa sheria ambayo sarufi ya Kiingereza haiijui. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo imeathiri uandishi wa lugha hiyo kuliko maandiko mengi, huanza sentensi na "And" ukurasa hadi ukurasa tangu sura ya kwanza ya Mwanzo. Katika mtihani, hata hivyo, msahihishaji anaweza kuwa mmoja wa walioamini katazo hilo, na busara ni kulitii humo.

Kundi la pili ni la viunganishi vinavyokifanya kishazi kimoja kiwe tegemezi kwa kingine: "because", "although", "if", "unless", "when", "while", "before", "after", "until", "since", "so that" na wenzao. Humu ndimo sentensi changamano zinamozaliwa, na ndimo mazoea ya Kiswahili yanamoleta taabu kubwa kuliko kwingine.

Kiunganishi kimoja kinatosha vishazi viwili. Sisi tunapenda kufungua na kufunga: "Kwa sababu mvua ilinyesha, ndiyo maana nilichelewa", au "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikwenda kazini". Wapo wahariri wa Kiswahili wanaoifuta ile "lakini" ya pili, nami ni mmojawapo, ila katika usemi imeenea na hakuna anayeshindwa kuielewa. Kiingereza hakiivumilii. "Although he was sick, but he went to work" ni kosa, na dawa yake ni kuchagua kiunganishi kimoja: "Although he was sick, he went to work", au "He was sick, but he went to work". Vivyo hivyo "Because it rained, that is why I was late" hupunguzwa ikabaki "Because it rained, I was late". Angalia pia mkato: kishazi tegemezi kikitangulia, mkato huwekwa mwisho wake, kikija nyuma, kwa kawaida hauwekwi, kama katika "I was late because it rained".

Wakati ujao nao hutajwa mara moja. Tunasema "nitakapofika nitakupigia", na "-ta-" ipo katika vitenzi vyote viwili. Kwa hiyo inatoka "When I will arrive, I will call you". Kiingereza kinaiacha "will" katika kishazi kikuu peke yake na kukiandika kishazi cha "when" kwa wakati uliopo: "When I arrive, I will call you." Mwanafunzi makini atapinga, akionyesha kwamba "I do not know when he will come" ni sahihi na ina "will" baada ya "when". Ana haki, na Kiswahili ndicho kinachompa ufunguo. Sentensi hiyo ni "sijui atakuja lini". Penye "lini", hilo ni swali lililofichwa, na "will" inaruhusiwa. Penye "-po-", "when" ni kiunganishi cha wakati, na "will" haina nafasi. "If" hufuata mtihani uleule. "Sijui kama atakuja" ni "I do not know if he will come", ilhali "akija nitamwambia" ni "If he comes, I will tell him". Baadhi yetu husema "kama atakuja, nitamwambia", na hapo "kama" inaweza kutudanganya. Jaribu kuweka "-ki-" mahali pake, na ikikubali, usiandike "will" baada ya "if".

Habari ya "-nge-" ni hiyohiyo. Katika "ningekuwa na pesa ningenunua shamba" vitenzi viwili vimevaa sare, na kutoka hapo huandikwa "If I would have money, I would buy a farm". Katika Kiingereza sanifu "would" ni ya upande mmoja: "If I had money, I would buy a farm." Kwa mambo yaliyokwisha kupita, "ningalijua nisingalikuja" huwa "If I had known, I would not have come". Wenyeji wa Kiingereza wenyewe, hasa Marekani, husikika wakisema "if I would have known" katika mazungumzo, lakini katika maandishi rasmi bado huhesabiwa kosa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa "before". Kiswahili kinasema "kabla hajafika", kwa ukanushi, na ukifikiri utaona mantiki yake: wakati unaozungumziwa ni ule ambapo mtu huyo bado hajafika. Kiingereza kinaliona jambo hilohilo na kusema "before he arrives", bila ukanushi wowote, kwa hoja kwamba "before" yenyewe imekwisha kusema kwamba kufika hakujatokea. Hakuna lugha iliyokosea. Anayeandika "before he has not arrived" ametafsiri kitenzi kwa uaminifu mkubwa, akasahau kwamba kiunganishi kimekwisha kuifanya kazi ile. "Unless" inaingia hapahapa, maana ni "-sipo-" iliyogeuzwa kuwa neno: "usipokuja nitaondoka" ni "If you do not come, I will leave" au "Unless you come, I will leave". Neno hilo lilitokana na kirai cha kale kilichokuwa na "less", yaani pungufu, na kwa jinsi linavyotumika leo ukanushi umo ndani yake. "Unless you do not come" inageuza maana yote, ikawa mgeni anaombwa asije.

Yapo maneno yanayofanana na viunganishi ila yanataka jina baada yake, si kishazi. Hapa Kiswahili ni msaada kamili, kwa sababu "ya" na "wa" zetu zinaonyesha mpaka huo. "Kwa sababu mvua ilinyesha" ni "because it rained"; "kwa sababu ya mvua" ni "because of the rain". "Wakati tulipokuwa tukila" ni "while we were eating". "Wakati wa chakula" ni "during the meal". "Licha ya mvua" ni "despite the rain", na hapo ndipo "ya" yetu inapotuponza mara moja moja, ikazaa "despite of". Mwenye "of" ni "in spite of", si "despite".

"That" inalingana na "kwamba", isipokuwa Kiingereza huiacha mara kwa mara bila kudhuru maana: "I know that he came" na "I know he came" ni kitu kimoja. Haikubaliki mbele ya swali lililoripotiwa. "Aliniuliza kwamba ninakwenda wapi" husikika katika Kiswahili cha kila siku, lakini "He asked me that where I was going" haisikiki kwa mwenyeji wa Kiingereza. Neno la swali lenyewe ndilo kiunganishi, "He asked me where I was going". Swali lisilo na neno la kuuliza hupata "if" au "whether": "He asked me whether I was going."

Kiingereza nacho kina viunganishi vyake vya maana nyingi, na sioni sababu ya kukiheshimu kupita kiasi katika hilo. "Since" ni tangu na pia kwa kuwa, na sentensi kama "Since he moved to Mombasa, I have not written to him" inaweza kusomwa kwa namna zote mbili. "As" ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaweza kuwa wakati, kwa kuwa, kama, au jinsi. "While" ilianza kama jina lenye maana ya muda, kama "wakati" yetu, na leo inamaanisha wakati ambapo na pia ilhali. Katika maandishi yanayohitaji usahihi, andika "because" kwa sababu na "when" kwa wakati. "So" peke yake hutaja matokeo, na "so that" hutaja lengo, yaani "ili": "I ran, so I caught the bus" inasema basi lilipatikana, ilhali "I ran so that I could catch the bus" haisemi kama lilipatikana.

Maneno "however", "therefore" na "moreover" hukaa mahali pa viunganishi na kuonekana kama viunganishi, lakini ni vielezi. Kuvitambua ni rahisi: kielezi kinahama, kiunganishi hakihami. Unaweza kuandika "I was sick; however, I went" au "I was sick; I went, however", lakini "but" huwezi kuitoa mwanzoni mwa kishazi chake. Kwa kuwa hayaunganishi, maneno haya hayatoshelezwi na mkato mbele yake. Yanataka nukta au nukta mkato.

Nimeacha mwisho sentensi ambayo kanuni ya kutokurudia haiisaidii, kwa maana inazisumbua lugha zote mbili sawasawa: "I did not leave because she was angry." Je, mtu huyu alibaki, na sababu ya kubaki ni hasira ya yule mwanamke? Au aliondoka, na anakanusha tu kwamba hasira ndiyo iliyomwondoa? "Sikuondoka kwa sababu alikuwa na hasira" ina utata uleule, na katika usemi sauti ndiyo huutatua. Katika maandishi hakuna sauti, kwa hiyo kishazi lazima kihamishwe au ukanushi uhamishwe. Aliyebaki ataandika "Because she was angry, I did not leave". Aliyeondoka ataandika "I left, but not because she was angry", ambayo kwa Kiswahili ni "niliondoka, lakini si kwa sababu alikuwa na hasira".